Sindano ya Moto

Katika safari moja ya kutoka Sumbawanga kwenda Mpanda, Bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kufunga dirisha la basi. Tulikuwa tumeshapita Chala na njia panda ya Namanyere, baridi ya Ufipa imebaki nyuma, miombo imeanza kusogelea barabara. Kondakta alikuwa bado anahesabu nauli. Bibi akavuta kioo, akajitanda khanga hadi masikioni, akaniambia nishushe mikono ya shati. Dakika chache baadaye mbung'o wa kwanza alikuwa anagonga kioo kwa nje, na abiria wa nyuma waliochelewa kufunga wakaanza kujipiga makofi shingoni na kulaani.

Tuliposimama Sitalike akanisimulia habari za kaka yake mkubwa. Alikuwa mrina asali. Kila kiangazi aliteremka huku porini, akakaa wiki nyingi na mizinga yake, kisha akarudi juu na madebe. Mwaka uliofuata Uhuru alirudi na homa isiyokatika. Baadaye akawa analala mchana na kukesha usiku, akaanza kumtukana mama yao, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu azaliwe. Wakampeleka hospitali. Huko alitolewa maji mgongoni, halafu akachomwa sindano ya mshipa iliyomfanya apige kelele kama mtu aliyetiwa kaa la moto. Ikarudiwa siku ya pili, na ya tatu. Wiki iliyofuata akashikwa na degedege, akafa kabla ya jua kuzama.

“Malale hayakumuua,” Bibi alisema. “Ile sindano ndiyo iliyomuua.”

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nasoma famasia, na nikafanya anachofanya kila mwanafunzi wa mwaka wa pili: nikamsahihisha. Nilimweleza kwamba malale yasiyotibiwa huua, kwamba kaka yake alichelewa kupelekwa, kwamba hospitali isingempa mtu sumu. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, “Haya, mjukuu wangu,” akageukia dirisha. Baadaye nilisoma historia ya dawa ile, nikagundua kwamba katika mabishano yetu ya Sitalike mwenye elimu pungufu nilikuwa mimi.

Tatizo halikuwa kupata dawa inayoua kimelea cha malale. Dawa hiyo ilikuwapo mapema sana. Tatizo lilikuwa kuifikisha mahali kimelea kilipo.

Mtu anapomeza kidonge, anadhani dawa imeshaingia mwilini. Bado. Utumbo ni bomba lililopita katikati ya mwili, na kilichomo ndani yake kiko nje bado, kama mgeni aliyesimama barazani. Ili kiingie ni lazima kipenye seli za ukuta wa utumbo, na kila seli imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta. Vitu vinavyoyeyuka kwenye mafuta hupenya. Vitu vikubwa, au vyenye chaji ya umeme, hugonga na kubaki nje, labda vipate mlango maalumu. Vinavyopita hupelekwa kwanza kwenye ini, ambalo huvikagua na mara nyingi huvibadilisha, ndipo viingie kwenye damu ya mwili mzima.

Ngozi ni ukuta mgumu zaidi. Waganga wa Ufipa, kama wenzao wa kila upande wa nchi hii, walilijua hilo bila darubini. Ndiyo maana walichanja chale kwa wembe kabla ya kupaka dawa. Mtu anaweza kubishana nao kuhusu dawa yenyewe (na kuhusu wembe mmoja kwa watu kumi), lakini kuhusu ngozi walikuwa sahihi.

Mzungu wa kwanza kuandika kuhusu kutibu ugonjwa wa mbung'o kwa aseniki ni mtu ambaye wengi wetu tulimsoma shuleni kwa sababu nyingine. Mwaka 1858 David Livingstone alichapisha barua katika jarida la madaktari wa Uingereza akieleza kwamba aliwahi kumpa aseniki farasi jike aliyeumwa na mbung'o kusini mwa Afrika. Farasi alipata nafuu, kisha ugonjwa ukarudi na akafa. Livingstone hakujua chochote kuhusu vimelea, lakini aliona jambo ambalo lingewasumbua madaktari kwa karne nzima: dawa inasafisha mwili, halafu ugonjwa unarudi.

Yeye mwenyewe aliujua uchungu wa kukosa dawa akiwa jirani kabisa na Ufipa. Januari 1867, ng'ambo ya bonde la Luangwa katika nchi ambayo leo ni Zambia, mpagazi alitoroka na sanduku lake la dawa. Livingstone aliandika kwamba alihisi amehukumiwa kifo. Miezi mitatu baadaye alifika kusini mwa Ziwa Tanganyika, ambalo wenyeji walimwambia linaitwa Liemba, jina ambalo meli yetu kongwe inalibeba hadi leo. Aliugua homa hapo ufukoni hadi akapoteza fahamu, bila chembe ya kwinini. Kwinini ingempenya vizuri tu, kwa sababu ni moja ya dawa ambazo utumbo haziwekei kikwazo. Ila haikuwapo.

Bonde hilohilo la Luangwa ndiko alikotoka mgonjwa ambaye kimelea chake kilipewa jina mwaka 1910 na wataalamu wawili wa Liverpool, Stephens na Fantham. Walikiita *Trypanosoma rhodesiense*. Ndicho kimelea cha malale ya upande wetu. Kina ndugu yake wa Kongo na Afrika Magharibi, *gambiense*, anayeua polepole, pengine kwa miaka. Cha kwetu hakina subira hiyo. Kinaanza kwenye damu, na ndani ya wiki au miezi michache kinaingia kwenye ubongo. Asipotibiwa, mgonjwa mara nyingi hamalizi mwaka.

Miaka minne kabla ya jina hilo, Robert Koch alifika visiwa vya Ssese, Uganda, akiongoza msafara wa Wajerumani. Alikuwa na dawa ya aseniki iliyoitwa Atoxyl, jina lenye maana ya “isiyo sumu”. Aliidunga chini ya ngozi, na matokeo ya mwanzo yalimfurahisha: vimelea vilipotea kwenye damu, na watu waliobebwa kwa machela wakaanza kutembea. Kisha vimelea vikarudi. Koch akaongeza dozi. Zaidi ya wagonjwa 20 wakapofuka moja kwa moja, kwa sababu “isiyo sumu” ilikuwa imeua mishipa ya fahamu ya macho. Wajerumani waliendelea kufungua kambi za malale pembezoni mwa Ziwa Viktoria na Ziwa Tanganyika, na wagonjwa waliendelea kuzitoroka. Katika taarifa za kikoloni kutoroka huko kunaitwa ukaidi.

Kwa nini ugonjwa ulikuwa unarudi? Jibu lilikuwa linachemka Ujerumani kwenyewe, katika rangi za nguo.

Paul Ehrlich, aliyekuwa amevutiwa na rangi tangu ujana wake, aliona mwaka 1885 kwamba rangi fulani zikiingizwa kwenye mwili wa mnyama hupaka viungo vyote isipokuwa ubongo. Alidhani ubongo hauzipendi tu. Baadaye akaanza kutafuta rangi zinazonata kwenye vimelea vya malale ili ziviue, na mwaka 1904, yeye na Kiyoshi Shiga kutoka Japani, wakapata nyekundu iliyoponya panya. Maabara ya Paris ikatoa ndugu yake wa bluu. Rangi hizo zilipewa jina la kimelea chenyewe: trypan nyekundu, trypan bluu.

Daktari wa upasuaji wa Freiburg, Edwin Goldmann, akaichukua ile bluu na kuidunga kwenye damu ya wanyama. Wakawa wa bluu mwili mzima, ngozi, ini, figo, ila ubongo ulibaki mweupe. Mwaka 1913 akageuza jaribio. Aliidunga rangi ileile kwenye maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Safari hii ubongo ukawa wa bluu, na mwili ukabaki ulivyo. Kwa hiyo ubongo haukuwa unaikataa rangi. Kulikuwa na ukuta kati yake na damu. Ilipofika mwaka 1967, Reese na Karnovsky walionyesha kwa hadubini ya elektroni ukuta huo ulipo: kwenye mishipa myembamba ya damu ya ubongo, seli zimeshonana ukingo kwa ukingo, bila ile mianya inayopatikana kwenye mishipa ya sehemu nyingine za mwili. Anayetaka kupita lazima apite ndani ya seli, yaani kwenye mafuta, au awe na mlango wake.

Jambo hili lilinikalisha kitako niliposoma mara ya kwanza. Rangi iliyotengenezwa ili kuua malale ndiyo iliyoonyesha kwa nini malale hayauliki.

Na watu walioendelea kuitengeneza hawakuwa na la kufanya ila kuendelea. Wataalamu wa Bayer walichukua umbo la zile rangi, wakaondoa rangi yenyewe (mgonjwa wa bluu hana furaha), na mwaka 1916 wakapata kitu walichokiita Bayer 205. Juni ya mwaka huohuo majeshi ya Waingereza kutoka Rhodesia ya Kaskazini yaliiteka Bismarckburg, boma la Wajerumani lililotawala Ufipa, pale Kasanga ziwani. Vita vilipokwisha Ujerumani ilikuwa na dawa ya malale lakini haina tena koloni lenye malale. Bayer ikaficha fomula. Friedrich Karl Kleine, aliyeutafiti ugonjwa huo miaka mingi katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, akaja kuijaribu Rhodesia ya Kaskazini na Kongo kati ya 1921 na 1923, na wapo Wajerumani waliotamka hadharani kwamba fomula hiyo ibadilishwe na makoloni yaliyopotea. Dawa ikapewa jina la kibiashara Germanin. Biashara ikaharibika mwaka 1924, pale Ernest Fourneau wa Taasisi ya Pasteur, Paris, alipoifumbua fomula na kuichapisha. Leo tunaiita suramini.

Suramini ni dawa nzuri, bado iko kwenye maboma ya dawa, na ina kasoro moja isiyorekebishika. Ni molekuli kubwa yenye chaji hasi sita. Ukiimeza, utumbo hauiruhusu. Kwa hiyo hudungwa mshipani. Ikishaingia kwenye damu hushikamana na protini na kukaa humo wiki nyingi, ikifyeka vimelea. Na mlangoni mwa ubongo inagonga, inakataliwa, kama mababu zake wa bluu na wekundu. Kimelea kinapita ukuta ule. Dawa haipiti.

Kwa malale ya Kongo kulikuwa na njia nyingine, tryparsamide ya Taasisi ya Rockefeller, iliyofika ubongoni ingawa nayo iliwapofusha baadhi ya watu. Kwa malale ya kwetu haikufaa kitu. Maana yake ni kwamba, ugonjwa ulipoenea magharibi mwa Tanganyika katika miaka ya 1920 na 1930, mtu aliyegunduliwa mapema alidungwa suramini na kupona, na mtu aliyegunduliwa akiwa ameanza kusinzia alirudishwa nyumbani au aliwekwa kitandani kusubiri.

Katika Jimbo la Magharibi, ambamo Ufipa ilikuwa wilaya mojawapo, serikali ya Waingereza ilitumia silaha iliyobaki, nayo ni kuhamisha watu. Dakta George Maclean alisimamia mpango wa kuwakusanya wakazi waliotawanyika porini na kuwaweka kwenye makazi makubwa yaliyofyekwa, ili mbung'o wakose vichaka. Warina asali, wawindaji, watu wa mashamba ya msituni, waliambiwa wakae pamoja. Nyanda ya juu yenyewe, iliyo mita 1,800 hivi juu ya bahari, na majani yake na ng'ombe wake, haikuwa na mbung'o wa kutisha. Hatari ilikuwa bondeni Rukwa, kando ya Tanganyika, na kaskazini kwenye miombo. Ila asali ya Ufipa haikupatikana kwenye majani. Mtu aliyetaka asali aliteremka, Maclean atake asitake.

Mwaka 1949 daktari Mswisi Ernst Friedheim alitoa melarsoprol. Hapa ndipo ninapofika kwa kaka yake Bibi.

Melarsoprol ni aseniki iliyofungwa kwenye molekuli inayopenda mafuta. Kwa sababu inapenda mafuta, hupenya kuta za mishipa ya ubongo. Kwa sababu hiyohiyo haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo ilibidi iyeyushwe kwenye propilini glikoli, kimiminika kinachotumika pia kwenye maji ya rejeta yasiyoganda. Kimiminika hicho huharibu mabomba ya sindano ya plastiki, hivyo wauguzi walitumia ya kioo. Kikimwagika nje ya mshipa kinababua nyama. Kikiingia vizuri mshipani kinachoma vilevile. Wagonjwa wa nchi mbalimbali, wasiojuana, wamekieleza kwa neno lilelile: moto.

Ikishavuka ukuta wa ubongo, dawa inabaki na utando mmoja zaidi wa kuvuka, ule wa kimelea. Mwaka 1993 Nicola Carter na Alan Fairlamb walieleza inavyofanya. Kimelea cha malale hakiwezi kujitengenezea baadhi ya malighafi zake, kinazivuta kutoka kwa mwenyeji wake kupitia mlango maalumu, na aseniki ya Friedheim inafanana vya kutosha na malighafi hiyo hata mlango unaikaribisha. Kimelea kinameza sumu kikidhani ni chakula. Vimelea vilivyopoteza mlango huo hustahimili dawa.

Lakini aseniki iliyofika ubongoni haiui kimelea peke yake. Siku chache baada ya mzunguko wa kwanza wa sindano, ubongo wa baadhi ya wagonjwa huvimba. Degedege, kuzimia, kifo. Hutokea kwa mgonjwa mmoja kati ya kumi hadi ishirini hivi, na sehemu kubwa ya wanaopatwa hufa. Kwa jumla dawa hii imeua karibu mtu mmoja kati ya kila 20 iliowatibu, na kwa malale ya Afrika Mashariki hali huwa mbaya zaidi. Waliodunga walijua. Ilikuwa kwenye vitabu. Walidunga kwa sababu mbele yao alilala mtu ambaye bila sindano angekufa kwa hakika, na kwa sindano alikuwa na nafasi kubwa ya kuamka.

Hesabu hiyo naielewa, na ningekuwa mimi mwenye bomba la kioo nadhani ningedunga. Kisichoeleweka ni kwamba hakuna aliyemweleza mama yao. Bibi alikuwa msichana, amekaa nje ya wodi na uji kwenye birika. Aliona kaka anaingia akitembea, akasikia kelele, akaona mwili unatoka. Alichosema pale Sitalike, kwamba sindano ilimuua, daktari wa wodi angekisaini bila kubadilisha neno. Na degedege za wiki ya pili, alizozikumbuka kwa siku, ni zilezile za vitabuni.

Melarsoprol haikuondoka na enzi zile. Kati ya 2006 na 2009 madaktari katika kituo cha afya cha Kaliua, Tabora, na hospitali ya Lwala, Uganda, walikuwa bado wanatafuta njia ya kuitumia kwa siku kumi mfululizo badala ya mizunguko mirefu. Lilikuwa jaribio la maana na liliwapunguzia wagonjwa wiki za kulazwa. Dawa ilikuwa ileile.

Iliyoibadilisha ilitoka kwenye rafu. Fexinidazole ilitengenezwa na kampuni ya Hoechst, ikaachwa miaka ya 1980 kwa kuwa malale hayana faida, na ikachimbuliwa upya mwaka 2005 na shirika la DNDi. Ni kidonge. Molekuli yake ni ndogo na haina chaji inayoizuia. Inavuka utumbo, ini linaigeuza kuwa maumbo mawili mengine yanayofanya kazi vilevile, nayo yanavuka ukuta wa Goldmann bila kuchoma mtu. Kwa malale ya kwetu ilijaribiwa Malawi na Uganda kwa wagonjwa 45. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani liliiweka kuwa chaguo la kwanza kwa watu wazima na watoto wa kuanzia miaka sita, ubongo uwe umeshaguswa au la. Kwa mtu mzima ni vidonge vitatu kila siku kwa siku nne, kisha viwili kila siku kwa siku sita.

Ina sharti moja. Ukiimeza na tumbo tupu, sehemu kubwa inapita utumboni bila kufyonzwa, na kiasi kinachofika ubongoni hakitoshi. Ikimezwa baada ya chakula, kiwango kwenye damu hupanda mara kadhaa. Chakula kinafungua kibofu cha nyongo, nyongo inayeyusha kile kisichotaka kuyeyuka, na mlo mzito unaikalisha dawa tumboni muda mrefu zaidi. Kikombe cha chai hakitoshi. Mwongozo unataka mgonjwa ale mlo kamili, mhudumu akimtazama, ndipo apewe kidonge. Asiyeweza kula hapewi. Huyo anarudishwa kwenye sindano za zamani.

Nilimpelekea Bibi habari hizi nyumbani, jioni, jikoni kwake, nikamwomba radhi kwa maneno ya Sitalike. Hakuonekana kuyakumbuka, au aliamua kutoyakumbuka. Alitaka kujua kuhusu kidonge. Nikamwambia mgonjwa anakula kwanza, ugali na maharage, au na migebuka, ashibe.

Aligeuza ugali, akafunika sufuria.

“Kaka alikuwa halali usiku, na mchana hali,” alisema. “Tulimlisha kwa kijiko. Analala na tonge mdomoni.”